Pedali zinanitii, magoti yanagoma: nipangeje nyenzo za magoti kwenye stili ya pedali?

Freti_ya_Sita
Wakuu, salaam. Nimepiga gitaa la kawaida miaka mingi, mwaka jana nikapata stili ya pedali iliyotumika (gitaa la kulaza lenye miguu, linalopigwa kwa kipande cha chuma juu ya nyuzi, na pedali na nyenzo za magoti za kupandisha na kushusha nyuzi): nyuzi 10, zimefungwa kwa tuni iitwayo E9, pedali 3, nyenzo 4 za magoti. Ile sauti ya uzi unaopanda katikati ya kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) huku mwingine umetulia ilinikamata tangu niliposikia bendi ya King Sunny Adé, yule mwanamuziki wa juju wa Nigeria. Sasa yananitokea puani.

Pedali nimeshazielewa. Shida ni magoti. Nikiwa nimekanyaga pedali A na B, kisha nikataka kuachia B nibaki na A huku kwa goti nikipandisha noti ya E kwenda F, kifundo kinataka kwenda huku, goti linatakiwa kule. Dakika ishirini tu, mguu wa kushoto unawaka moto.

Nimelala chini ya chombo na tochi, nikaandika nilichokiona. Pedali kuanzia kushoto: A (uzi wa 5 na wa 10, noti ya B hadi C#), B (wa 3 na wa 6, G# hadi A), C (wa 4 kutoka E hadi F#, wa 5 kutoka B hadi C#). Goti la kushoto likienda kushoto, nyuzi za 4 na 8 zinashuka E hadi D#. Likienda kulia, hizohizo zinapanda hadi F. Goti la kulia likienda kushoto, uzi wa 1 unapanda F# hadi G#. Likienda kulia, uzi wa 2 unashuka D# hadi D, ukikaza zaidi unafika C#, na wa 9 unashuka D hadi C#.

Nibadilishe, au nivumilie mpaka mwili uzoee? Na wenzo wa tano, ule wa wima unaoinuliwa na goti, una maana kwa mtu wa mwaka mmoja? Nawasilisha.

Kiti_cha_Nyuma
Nimekaa hapa nangoja wazee. Mimi nina nyenzo mbili tu na hata hizo zinanitoa jasho.

Shikilia_Ba
Kabla hujagusa skrubu hata moja, kiti chako kina urefu gani? Ukikaa chini sana paja linapanda na goti linagonga wenzo kwa juu badala ya ubavuni. Ukikaa juu sana unaufuata wenzo kwa kuzungusha nyonga. Ukiwa umeweka mguu kwenye pedali bila kukanyaga, nyenzo zote mbili za kushoto ziwe karibu na goti bila kuligusa. Nimeona watu wamefumua vyombo vyao vyote kumbe dawa ilikuwa ubao mmoja chini ya kiti.

Freti_ya_Sita
Mkuu, kiti nimejaribu urefu wa aina tatu. Wenzo wa kushuka (D#) naupata vizuri tu. Ni huo wa F unaonisumbua, na ni pale tu ninapokuwa na pedali A.

Fundi_wa_Fito
Hapo umejitaja mwenyewe. Rudia kusoma orodha yako: pedali zako ni za mpangilio wa Emmons, nyenzo zako za kushoto ni za mpangilio wa Day. Aliyekuwa nacho kabla yako alichanganya, au alinunua kwa aliyechanganya.

Nieleze kidogo, maana watu wanadhani mipangilio hii miwili ni ushabiki tu. Mwaka 1954, wimbo wa mwimbaji wa kantri Webb Pierce, ambao stili alipiga Bud Isaacs, ulipovuma, pedali moja ilivuta kwa pamoja kile tunachokiita leo A na B. Baadaye Buddy Emmons na Jimmy Day, wote wapigaji wa stili waliopita kwenye bendi ya mwimbaji Ray Price, wakavitenganisha, ila kila mmoja akapanga kwa upande wake. Emmons: A, B, C kutoka kushoto. Day: C, B, A. B inabaki katikati kwa wote, kwa sababu unataka kuikanyaga pamoja na jirani yake yeyote.

Sasa angalia mguu. Kwa Emmons, ukiwa juu ya A na B na ukataka kubaki na A peke yake, unalaza kifundo kuelekea kushoto. Kifundo kikilala kushoto, goti nalo linakwenda kushoto lenyewe, hulilazimishi. Ndiyo maana wenzo wa F hukaa goti la kushoto upande wa kushoto: goti linaukuta njiani. Kwa Day, A iko kulia, kifundo kinalala kulia, basi F iko upande wa kulia. Wewe kifundo unakipeleka kushoto na goti unalivuta kulia. Hata mcheza sarakasi angelalamika.

Na A pamoja na F si pambo ambalo unaweza kuliacha. Chukua kodi ya G: freti ya 3 bila kukanyaga kitu, freti ya 6 ukiwa na A na F, freti ya 10 ukiwa na A na B. Ukiikosa ile ya katikati, utakuwa unaruka freti saba kila mara, na masikio ya watu yatakuona ukiruka. (Jina lako la humu si la freti hiyohiyo?)

Freti_ya_Sita
😂😂 Nilijipa jina hilo siku niliyoipata G ya freti ya 6 kwa mara ya kwanza. Nikaiachia baada ya sekunde mbili kwa maumivu.

Mbishi_wa_E9
Mimi napinga. Acha kama ilivyo. Vidole na miguu vinajifunza lolote, na kila ukibadilisha unaanza upya. Nimepiga miaka mingi kwenye chombo chenye wenzo usiofanana na wa mtu yeyote, na sijafa.

Fundi_wa_Fito
Mbishi, wenzo usio wa kawaida na wenzo unaopingana na mwili ni vitu viwili. Wako uko wapi na unafanya nini?

Mbishi_wa_E9
Kushusha E nimekuweka goti la kulia, upande wa kushoto. F iko goti la kushoto, upande wa kushoto, pedali za Emmons.

Fundi_wa_Fito
Basi wewe mwenyewe F yako iko pale ninapomwambia aiweke. Umeshinda kesi yangu.

Mbishi_wa_E9
…sawa. Lakini kwenye kushusha E sirudi nyuma. Goti moja linapumzika wakati la pili linafanya kazi, na kutoka D# kwenda F hakuna ule muda wa goti kuvuka katikati.

Nyanya_Mpiga_Stili
Wanangu, hapo kila mmoja ana lake, mimi nina kipimo kimoja. Vitu visivyoweza kutumika pamoja, viwekeni goti moja, pande mbili. E haiwezi kupanda na kushuka kwa wakati mmoja, kwa hiyo vikikaa goti moja hamjapoteza kitu. Vitu mnavyotaka pamoja, vitenganisheni magoti. Mimi nashusha E kwa kushoto na uzi wa 2 kwa kulia mara nyingi sana, kwa hiyo vyote viwili kulia kwangu haviwezekani kabisa, labda uzi wa 2 niuhamishie kushoto. Na msisahau kwamba mguu wa kulia uko kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza sauti. Goti la kulia linapokwenda pembeni, unyayo nao unataka kufuata, na sauti inayumba. Kwa anayeanza, vitu vya kushikilia muda mrefu viwe kushoto.

Freti, mwanangu, huo wenzo wako wa uzi wa 2 utunze. Ile nusu ya njia, pale D, ijaribu mpaka goti liisikie. Kwenye vyombo vingi kuna kizuizi kinachokufanya uhisi ugumu ukifika hapo. Kama chako hakina, utakuwa unapita D bila kujua.

Freti_ya_Sita
Shikamoo Bibi. Kizuizi kipo, ila kimelegea. Nimekubali kubadilisha. Nahamisha nyenzo zenyewe?

Fundi_wa_Fito
Nyenzo usiziguse. Unahamisha fito. Wenzo huzungusha mhimili, mhimili una mikono midogo, mkono unavuta ufito, ufito unavuta kidole cha chenja (kifaa cha mwisho wa nyuzi kinachozikaza na kuzilegeza). Kwako ni fito nne: mbili za kupandisha (wa 4 na wa 8) na mbili za kushusha. Kwenye chenja zinabaki kwenye mashimo yaleyale, upande wa pili ndiyo zinabadilishana mhimili. Pima urefu kwanza, maana mihimili haiko umbali sawa na chenja, huenda ukahitaji fito za urefu mwingine.

Kichekesho ni kwamba ungeamua kugeuza pedali badala ya magoti, kubadilishana A na C, zingekuwa fito nne vilevile: wa 5 na wa 10 kwa A, wa 4 na wa 5 kwa C. Ila mguu wako umeshazoea A kushoto, kwa hiyo shughulika na magoti.

Ukiona wenzo mgumu au safari yake ndefu, sogeza ufito kwenye mkono. Karibu na mhimili: safari ndefu, laini. Mbali na mhimili: safari fupi, nzito. Kisha funga tuni: uzi mtupu kwenye vigingi, kisha shikilia wenzo ufunge noti yake kwa nati ya nailoni upande wa chenja. Nati ikikazwa mno ufito unabaki umevuta, na uzi mtupu haurudi mahali pake.

Nyanya_Mpiga_Stili
Na wa wima uache kwanza. Kazi yake kubwa ni kushusha noti ya B kwenda Bb, uzi wa 5 na wa 10. Utamu wake unakuja ukiwa na pedali A na B chini, noti ya B iliyopanda ikarudi nusu hadi C, ukapata maina (kodi yenye sauti ya huzuni) palepale ulipokuwa na meja (ile ya furaha). Lakini hiyo C haikai kwenye tuni yenyewe, inahitaji skrubu yake ya pekee. Kama chombo chako hakina, utanunua kero.

Freti_ya_Sita
Nimerudi. Fito mbili zilikuwa fupi, nikakata nyingine. Siku ya kwanza uzi wa 8 ulibaki juu kila nikiachia F, nikadhani nimevunja chenja, kumbe ni ile nati. Nimeilegeza robo mzunguko, umerudi.

Jana nimekaa freti ya 6 wimbo mzima. Kifundo hakijasema kitu. Tatizo jipya: kwa mazoea ya zamani, kila nikitaka kushusha E napandisha.

Kiti_cha_Nyuma
Mimi pia nimetoka kulala chini ya changu na tochi. Wenzo wangu mmoja haujaunganishwa na uzi wowote. Nimeusukuma miezi minane.