Ulinganisho: mbwa jike wa Shih Tzu kilo 5, yuko Tabora. Apandishwe na dume gani?

Kanyenye_Juu

Wakuu, habari za wakati huu. Jike ni Shih Tzu, kilo 5.1, miezi 20, hajawahi kuzaa, chanjo zote anazo. Joto lake la tatu, yaani siku za kutaka dume, linategemewa mwezi wa tano. Njia zilizo mezani ni nne, naomba mzilinganishe bila ushabiki wa mbegu.

Moja, kumsafirisha Dar kwa dume wa Shih Tzu mwenye karatasi za ukoo, kilo 6. Mbili, dume wa Maltese aliyepo hapahapa mjini, kilo 3.5. Tatu, dume wa jirani, chotara wa spitz, kilo 9, mchangamfu, na ni bure. Nne, kuachana na uzazi kabisa na kumtoa kizazi. Naelemea ya kwanza kwa sababu mbegu safi inauzika. Nakosea wapi?

Mwisho_wa_Reli

Mkuu, umeanza na dume wakati swali la kwanza ni daktari. Shih Tzu ana kichwa kikubwa na mabega mapana kuliko nyonga inavyotaka, na mtoto huja na umbo lilelile. Ukiweka Shih Tzu kwa Shih Tzu, jiandae kwamba huenda akapasuliwa. Dar unalipata hilo kwa simu moja. Huku kwetu, Tabora na Kigoma, madaktari wengi mikono yao imezoea ng'ombe na mbuzi.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, nenda kwa daktari unayemtegemea umuulize: amewahi kumpasua mbwa wa chini ya kilo 6? Saa nane usiku anapokea simu? Dawa ya usingizi ni ipi? Akijibu zailazini, ile ya kila siku kwa ng'ombe, mwambie mjadili nyingine, maana inawalegeza mno watoto walio tumboni na wengi hutoka bila kupumua. Majibu yakiwa mabovu, njia ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote, hata kama dume ana karatasi za kujaza kabati.

Maltese ana kichwa kidogo, pua ndefu kiasi, na ni mwepesi kuliko jike. Kwa upande wa kuzaa salama ndiye anayeongoza hapo. Yule wa kilo 9 usimhukumu kwa kilo peke yake, kwa sababu mfuko wa mama nao huwabana watoto wasikue kupita kiasi. Balaa ni mimba ikiwa na mtoto mmoja au wawili. Wanakula nafasi yote, wanakua, na mtoto akiwa mmoja wakati mwingine anashindwa hata kuuamsha uchungu. Hapo dume mkubwa ni kosa juu ya kosa.

Dawa_na_Dozi

Huyo wa bure ndiye ghali. Kama anazurura, kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, una sura ya koliflawa na unatoa matone ya damu. Usimwangalie juujuu: rudisha govi nyuma mpaka shina la uume lionekane, maana mara nyingi umejificha kule nyuma. Kwa jike, tanua mlango wa uke utazame ndani. Halafu damu ya wote wawili ipimwe brusela ya mbwa. Ugonjwa huo hutoa mimba ikiwa imeshafika siku ya 45 mpaka ya 59, mbwa akiwa hana homa wala dalili yoyote, na binadamu anaweza kuupata anaposhika yale majimaji.

Goti nalo usilisahau, kwa Maltese hasa. Mlaze ubavu, nyoosha mguu wa nyuma, sukuma kifuniko cha goti kwa kidole gumba kuelekea ndani. Kisipotoka, safi. Kikitoka na kurudi chenyewe ukiachia, daraja la 1. Kikibaki nje mpaka ukirudishe au mguu unyooshwe, la 2. Kikiwa nje muda mwingi, la 3, na kisichorudi kabisa ni la 4. Kuanzia la 2 asipandishwe, dume wala jike.

Karatasi za ukoo hazisemi lolote kuhusu goti wala figo, na wapo Shih Tzu wanaorithi figo zisizokomaa. Zinachosema ni majina, basi zisome hayo majina. Jike na dume wakichangia baba, watoto wanabeba asilimia 12.5 ya udugu, yaani uwezekano wa kupata nakala ileile ya jeni kutoka pande zote mbili. Baba kwa binti ni 25. Mtu anayekwambia "ni wa ukoo mmoja, ndiyo maana wamefanana" anakuonyesha tatizo akidhani ni sifa.

Mama_Ng'ambo

Naunga mkono la daktari, ila Maltese msimpambe sana. Chotara wa Maltese na Shih Tzu ana manyoya yanayofungana kama sufu iliyolowa. Asipochanwa kila siku anajaa vifundo makwapani na nyuma ya masikio, na kupe wanajificha humo. Mnunuzi aambiwe mapema.

Safari ya Dar ni zaidi ya kilomita 800 na jike ni wa pua fupi. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na huyu njia yake ya hewa ni nyembamba. Asafirishwe usiku, kwenye kreti yenye matundu pande tatu, tumbo likiwa na chakula kidogo. Lakini kubwa zaidi ni siku. Ukifika siku nne mapema au tatu umechelewa, umelipia matembezi.

Kanyenye_Juu

Hapo kwenye siku ndipo sielewi. Wengine wanasema siku ya 11, wengine ya 14.

Mama_Ng'ambo

Wote wanabahatisha. Hesabu inaanza tone la kwanza la damu. Kwa kawaida siku tisa hivi za mwanzo dume anamfuata na jike anamkatalia, kisha siku tisa hivi anakubali, lakini wapo wanaokubali siku ya 5 na wapo wa siku ya 17. Una njia tatu.

Ya bure ni macho: damu inapauka iwe rangi ya maji ya nyama, uke unalainika, ukimkuna juu ya mkia anausogeza pembeni. Pandisha siku hiyo, ruka moja, rudia, ruka, rudia. Kwa dume aliye mtaa wa pili hiyo inatosha kabisa, na ni sababu nyingine ya kumpendelea wa hapahapa.

Ya bei nafuu ni kijiti cha pamba ndani ya uke, kipakwe kwenye kioo, kitiwe rangi, kitazamwe kwa hadubini. Seli zikiwa bapa zenye kona kwa zaidi ya asilimia 80, yuko kwenye siku za kupandishwa. Haikupi siku ya yai.

Ya tatu ni kupima projesteroni, homoni ya uzazi, kwenye damu, na maabara ya binadamu yenye mashine ya homoni inaweza kuisoma. Angalia mambo mawili. Kwanza chupa ya damu iwe ya kawaida, isiwe ile yenye jeli chini, kwa sababu jeli inanyonya homoni na majibu yanashuka. Pili soma kipimio. Wengine wanatoa nanogramu kwa mililita, wengine nanomoli kwa lita, na moja ya kwanza ni sawa na 3.18 za pili. Jike aliyefikia nanogramu 5 ametoa yai. Kwenye karatasi ya nanomoli utaona 16. Ukichanganya, utaona 5 ya nanomoli ukadhani ni tayari, kumbe bado yuko 1.6. Yai la mbwa hutoka bichi, linahitaji kama siku mbili kukomaa, hivyo pandisha siku ya pili na ya nne baada ya hapo. Kuzaa ni siku ya 63 tangu yai litoke, ikipungua au kuzidi moja.

Wakinasana msiwavute. Dakika 5 mpaka 30 ni kawaida. Mshike jike asikae wala asigeuke, basi.

Kanyenye_Juu

Nimekuelewa dada. Na njia ya nne mbona hakuna anayeitetea?

Dawa_na_Dozi

Ninaitetea mimi. Ile imani kwamba jike lazima azae hata mara moja ili awe na afya haina msingi. Asiyezalishwa na asiyetolewa kizazi, kila joto linampa nafasi ya usaha kwenye mfuko wa uzazi, wiki 4 mpaka 8 baada ya joto kuisha: anakunywa maji kupita kiasi, anakataa kula, pengine anatoa uchafu mzito nyuma. Nao ukifika hapo kwa kawaida ni kisu. Kwa hiyo linganisha hivi: kama hakuna watu watatu au wanne waliokwisha kusema "nitamchukua", njia ya nne inazishinda zote. Afanyiwe miezi miwili au mitatu baada ya joto, si wakati wa joto, mishipa ikiwa imejaa damu.

Kupasuliwa kuzaa mara mbili ndiyo mwisho. Uzao wa kwanza baada ya miaka sita usijaribu.

Mwisho_wa_Reli

Tuseme umechagua Maltese. Kinachowaua jike wadogo huku kwetu ni huruma ya jikoni. Kigoma dagaa ni rahisi, na mtu akisikia mimba anasaga dagaa na mifupa yake kila siku, anaongeza na vidonge vya kalsiamu vya wajawazito. Mwili wa mbwa una tezi shingoni zinazotoa kalsiamu kwenye mifupa pindi damu inapopungukiwa. Ukimmiminia kalsiamu wiki tisa, tezi zinalala. Siku maziwa yanapotoka kwa wingi, kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya nne baada ya kuzaa, zinashindwa kuamka kwa wakati. Jike anahema akiwa kivulini, anatembea kama ana miguu ya mti, uso unamcheza, kisha anaanguka na kutetemeka, joto la mwili nyuzi 40 na zaidi. Watu wanasema kalishwa sumu. Waondoe watoto kwenye chuchu na mkimbize: anahitaji kalsiamu glukoneti ya mshipa, taratibu, daktari akisikiliza moyo. Ikienda haraka moyo unasimama.

Chakula basi: mpaka wiki ya tano kiasi chake kilekile. Kuanzia ya sita ongeza kidogokidogo mpaka nusu zaidi karibu na kuzaa, milo midogo minne. Akinyonyesha anaweza kula mara mbili hadi nne ya kawaida. Dagaa wa chumvi waoshwe mara tatu, na wawe kiungo, wasiwe mlo. Kalsiamu ya ziada, kama daktari ataona ipo haja, inaanza baada ya kuzaa.

Dawa_na_Dozi

Naongezea dawa ya kupe. Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe isimguse jike mwenye mimba wala watoto. Na kwa walio karibu na pori, Urambo, Kaliua, Sikonge: jike akipata homa na jicho likawa jeupe kama limemwagiwa maziwa, fikiria ugonjwa wa mbung'o, apimwe damu. Diminazini, dawa ya ugonjwa huo, kwa mbwa ni miligramu 3.5 kwa kilo, mara moja. Kwa kilo 5 ni miligramu 17.5, yaani robo ya mililita ya mchanganyiko wa asilimia 7. Wanaochoma "mililita moja tu" wamempa mara nne, na ubongo unavuja damu.

Mama_Ng'ambo

Akipandishwa mwezi wa tano atazaa Julai, na usiku wa kipupwe Tabora unauma. Mtoto wa mbwa wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka. Boksi liwe sentimita 75 kwa 60, kuta 30, mlango ukatwe uache kizingiti cha 12. Plaiwudi inatosha, mninga upelekeni kwenye kitanda.

Joto, kona moja tu iwe nyuzi 30 mpaka 32, pengine pabaki baridi, kwa sababu mama wa pua fupi hawezi kukaa kwenye tanuri hilo. Balbu ya zamani ya waya, wati 60, inafaa. Ya LED inamulika tu, haipashi. Umeme ukikatika, chupa za lita moja na nusu zenye maji ya moto, zivikwe taulo, zibadilishwe kila baada ya saa mbili au tatu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hapana. Linaua watoto, mama, na aliyelala kuwalinda.

Siku ya 58 mnyoe manyoya nyuma na kuzunguka chuchu. Unywele mrefu wa Shih Tzu hujifunga kwenye mguu wa kitoto kama uzi.

Taya la chini la Shih Tzu limetangulia, hivyo meno hayakutani, na wengi hawawezi kuchana utando unaomfunika mtoto wala kukata kitovu. Kaa hapo. Chana utando kuanzia mdomoni, futa pua, kichwa kielekee chini, sugua mgongo kwa taulo kavu mpaka alie. Usimzungushe hewani. Kitovu funga kwa uzi sentimita moja na nusu kutoka tumboni, kata, chovya kwenye ayodini, mweke chuchuni apate dang'a. Mpime kwa mizani ya jikoni: kuanzia kesho yake anatakiwa aongezeke kila siku, na siku ya 10 mpaka 14 awe mara mbili. Aliyepoa asipewe maziwa kwanza. Mpashe joto taratibu, kisha tone la asali kwenye ufizi, nayo Tabora haijawahi kukosekana.

Akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto, au saa mbili zikipita kati ya mtoto na mtoto huku bado wamo, piga simu. Maji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, ondoka saa hiyohiyo. Oksitosini, sindano ya kuongeza uchungu, ya duka la dawa za mifugo usiiguse: kama mtoto amekwama, unaisukuma nyama kwenye mlango uliofungwa na mfuko unapasuka.

Kanyenye_Juu

Daktari amejibu: amewahi kupasua mbwa wadogo, na Julai yupo. Maltese anapimwa damu wiki ijayo. Swali dogo: kipimajoto cha binadamu kinafaa kujua siku ya kuzaa?

Mwisho_wa_Reli

Kinafaa, kile cha kidijitali. Paka Vaseline, ingiza sentimita mbili, asubuhi na jioni kuanzia siku ya 57, uandike. Kawaida yake ni 38 na ushee. Kikishuka karibu na 37, hesabu saa 24. Na hicho kipimajoto kiandike MBWA kwa maka pen nyekundu, kabla mtu wa nyumbani hajakitia mdomoni.