Nyumba iko kwenye kihamba (shamba la urithi) cha ukoo wa mume wangu, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, mama wa watoto wawili. Ndoa ya kanisani, mwaka wa 11 huu. Mwenzangu anafanya kazi Arusha. Zamani alirudi kila Ijumaa, siku hizi ni Krismasi na misiba tu. Na ni mwendo wa saa mbili kwa basi, jamani!

Mwezi uliopita niliwaambia wazee nimechoka. Baba mkwe akaja na jani la isale, la kuomba msamaha, akaliweka mezani bila maneno mengi. Mnajua kwetu Wachaga isale halikataliwi. Ila mkosaji mwenyewe hakuja.

Najua Sheria ya Ndoa ya 1971 inatutaka tupite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya talaka, na tangu 1983 Mahakama ya Rufani inahesabu hata kazi za nyumbani kuwa mchango kwenye mali ya ndoa. Kinachonichanganya ni nyumba. Tumejenga Kibosho kwenye kihamba cha ukoo wao. Bati na saruji nililipia kwa mkopo wa VIKOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), risiti ninazo kwenye kopo la maziwa.

Aliyepitia hili, ulidai ardhi au thamani ya jengo? Na hilo jani nifanyeje, bado liko mezani linakauka. Wa "vumilia tu dada" nipisheni, hiyo mama ameshanipa.