Wiki ya kwanza katika pori la Alaska: kuni zinatoa povu, je, nikae au nirudi mjini?

Binti wa Pangani:

Salaam kwenu wanajukwaa, hasa mliowahi kuishi Alaska, Yukon au kaskazini ya Skandinavia. Baada ya kumaliza masomo mjini Fairbanks nimekubali kazi ya kutunza nyumba ya magogo ya watu walioondoka kwenda kusini hadi mwezi wa Aprili. Nyumba iko kando ya barabara ya Steese, ile inayotoka Fairbanks hadi kijiji cha Circle kwenye mto Yukon, umbali wa kilomita 259. Lami huisha njiani, na kabla ya kunifikia gari hulazimika kuvuka mlima wa Eagle Summit, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,100, ambako upepo huweza kuifunga njia kwa theluji hata siku ambayo huku bondeni kumetulia kabisa. Umeme ni wa jenereta, bomba la maji hakuna, na simu haishiki mtandao. Ujumbe huu nautuma kwa intaneti ya setilaiti, ambayo huiwasha jioni tu ili kuokoa mafuta.

Nilikuja na hofu ya dubu. Wiki imekwisha, dubu sijamwona, na muda wangu wote umeliwa na maji na moto. Kuni nilizoachiwa ni za mbetula, mti ule wenye gome jeupe, na nyingi bado ni magogo mazima. Nikiziweka jikoni ncha zake hutoa povu na kulia kama mafuta yanayokaangia samaki, moto unasinzia, na kufikia asubuhi kioo cha mlango wa jiko kimekuwa cheusi tii. Madirisha nayo yanatoka jasho usiku kucha, na jasho hilo huganda kwenye kizingiti kiasi kwamba dirisha la chumbani halifunguki tena. Kijito ninachochota maji kimeanza kushika barafu ukingoni, na mchana unapungua kwa karibu dakika saba kila siku.

Naomba ushauri kuhusu kuni na maji, na zaidi ya hayo naomba mnieleze kwa uwazi kama mtu mmoja anaweza kuupitisha msimu wa baridi hapa, au nirudi mjini mapema kabla njia haijawa ngumu.

Mzee wa Kuni:

Dada, karibu sana kaskazini. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yote yanaelekea mahali pamoja: adui yako kwa sasa ni unyevu, baridi inafuata nyuma yake. Gome la mbetula halipitishi maji, kwa hiyo gogo lisilopasuliwa hukaa na maji yake ndani hadi linaoza. Kuni inayofaa huwa na unyevu usiozidi asilimia 20; ikizidi hapo, sehemu kubwa ya moto hutumika kuchemsha maji yaliyomo ndani ya mti, moshi hupanda ukiwa umepoa, na lami yake huganda ndani ya bomba la moshi. Lami hiyo ikishika moto siku ya baridi kali, utaisikia ikinguruma juu ya paa, na nyumba za magogo huku huungua kwa njia hiyo hiyo.

Pasua zote sasa, uzipange juu ya miti ili zisiguse ardhi, ufunike juu tu na kuacha ubavu wazi upepo upite. Hata hivyo, mbetula mbichi unayoipasua mwezi wa Oktoba usiitegemee msimu huu. Tafuta misonobari iliyokufa ikiwa bado imesimama, hasa mahali palipopitiwa na moto wa msituni, baada ya kuhakikisha kwamba ardhi ile unaruhusiwa kukata. Gonganisha vipande viwili: kikavu hulia kwa sauti kali, kibichi hutoa mshindo mzito. Safisha bomba la moshi kabla ya jambo jingine lolote, na uhakikishe kengele ya kaboni monoksidi ina betri nzima, kwa sababu hewa ile ya sumu inayotoka motoni haina harufu.

Kuhusu madirisha, acha kuanika nguo na kuchemsha sufuria wazi chumba kikiwa kimefungwa. Fungua tundu dogo la hewa, hata kama moyo unakataa.

Muuguzi wa Tromsø:

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema Mzee, na naongeza upande wa mwili. Wageni wengi hudhani kwamba dawa ya baridi ni kuvaa nguo nyingi, wanapasua kuni wakiwa wamejifunika kama wanakwenda kulala, wanatoka jasho, kisha wanakaa kupumzika na jasho lile linawapoza haraka. Vua koti kabla ya kuanza kazi, na ulivae tena mara tu unaposimama. Pamba uiache kabatini, kwa kuwa ikilowa haitunzi joto. Sufu hukutunza hata ikiwa na unyevu.

Kidole kikiganda usikisugue, wala usikipake theluji kama wengine wanavyoelekeza. Kitumbukize katika maji yenye nyuzi 37 hadi 39, mradi una hakika hakitaganda tena baadaye, kwa sababu kuyeyusha na kugandisha upya huharibu zaidi.

Dereva wa Kaskazini:

Mimi nitasema tofauti kidogo. Rudi mjini, ndugu yangu. Gari lisilo na njia ya kupashwa injini haliwaki kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na jiko la gesi ya propani litakukatalia, kwa maana gesi hiyo haigeuki kuwa mvuke baridi ikipita nyuzi 42 hivi chini ya sifuri. Mwaka 1971 huko Prospect Creek, Alaska, kipimo kilishuka hadi nyuzi 62 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo ni nadra, lakini nyuzi 40 si nadra hata kidogo.

Mzee wa Kuni:

Dereva, hoja yako ni ya kweli, lakini watu wanaishi kando ya barabara ile miaka yote, na wanaishi kwa hesabu ya kuni. Nyumba ndogo ya magogo inaweza kumaliza mita za ujazo 20 au zaidi hadi Aprili. Dada, pima kuni zako kavu leo. Zikiwa hazifiki nusu ya hizo na huna njia ya kununua nyingine kabla theluji haijazidi pale Eagle Summit, waandikie wenye nyumba wajue mapema kwamba utaondoka.

Maji nayo yana mtego wake. Kijito kikiganda hadi chini, maji ya juu ya bonde hukosa njia, hupasua barafu na kutandaa juu yake, kisha theluji huyafunika. Unaona uwanja mweupe, unakanyaga, na kiatu kinajaa maji kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Tembea na fimbo ndefu, na usitoke bila soksi kavu na kiberiti. Ukiyeyusha theluji, anza na maji kidogo sufuriani, la sivyo itaungua na kunuka, na ujue kwamba ndoo ya theluji laini hutoa kama sehemu moja ya kumi tu. Maji ya kijito yachemshe kila mara, kuna giadia, vijidudu vya kuharisha.

Binti wa Pangani:

Ahsanteni sana. Nimepima: kavu ni robo tu ya banda, na wenye nyumba wamekubali kulipia lori moja la misonobari mikavu, ambalo muuzaji anasema litafika kabla ya wiki kwisha iwapo mlima utapitika. Lori likifika nitakaa, lisipofika nitashuka Fairbanks na sirudi hadi machipuo. Bomba la moshi nimelisafisha leo mchana, na lami iliyotoka imejaza ndoo karibu hadi nusu.

Bado swali moja: setilaiti ikinikatikia, mtu wa mjini atajuaje kwamba mimi ni mzima?

Mzee wa Kuni:

Panga na mtu mmoja saa na siku maalumu za kutuma ujumbe, na mkubaliane kabisa baada ya kimya cha muda gani atawaita askari wa jimbo. Nunua pia kile kifaa kidogo cha dharura cha setilaiti, uwe nacho mfukoni badala ya kukiacha mezani. Na uwe na redio ya betri: kituo cha KJNP cha mji wa North Pole, karibu na Fairbanks, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuwasomea watu wa porini salamu za jamaa zao usiku, hivyo aliye mjini anaweza kukufikia hata wewe ukiwa huna njia ya kumjibu.