Hati moja ikipatikana, nyingine imeisha muda: malalamiko ya muuguzi anayeomba viza ya kazi ya Ujerumani

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira ambayo nimeizuia kwa muda mrefu. Mimi ni muuguzi wa hapa Mombasa, nina stashahada na uzoefu wa miaka 6 wodini, na leo asubuhi nimeambiwa kwa mara ya tatu kwamba cheti changu cha maadili mema, kile ambacho polisi hutoa baada ya kuchukua alama za vidole, kimepitwa na muda na ni lazima nikitafute upya. Sijatenda kosa lolote tangu nilipopewa cheti cha kwanza. Zilizopita ni siku tu, nazo zilipita kwa sababu barua yangu ilikuwa imelala katika ofisi ya mtu mwingine.

Nieleze utaratibu kwa wale ambao hawajaipitia njia hii. Ujerumani ina majimbo 16, na muuguzi aliyesomea nje kwa kawaida haendi kuomba viza ya kazi moja kwa moja, bali kwanza taaluma yake huchunguzwa na mamlaka ya jimbo atakalofanyia kazi, ambayo hulinganisha saa za masomo na mazoezi yake na zile za kwao, na mara nyingi hujibu kwamba kuna pengo la kuzibwa kwa mafunzo ya nyongeza au kwa mtihani baada ya kufika kule. Jibu hilo, pamoja na mkataba wa mwajiri, ndiyo msingi wa ombi la viza. Sina ugomvi na uchunguzi huo. Mgonjwa wa Ujerumani ana haki ya kuhudumiwa na mtu aliyehakikiwa, sawa na mgonjwa wa Likoni hapa Mombasa.

Ugomvi wangu ni jinsi muda unavyohesabiwa. Sheria yao inaweka kikomo cha miezi ambayo mamlaka inapaswa kuwa imetoa uamuzi, lakini hesabu huanza siku ambayo hati zote zimekamilika mezani, wala si siku uliyotuma ombi. Jimbo langu linataka cheti cha polisi na cheti cha daktari ambavyo havijapita miezi 3, na wakati huohuo linataka barua ya kuthibitisha usajili wangu, inayotoka katika ofisi moja ya hapa nyumbani. Ada ya barua hiyo niliilipa siku ileile niliyoelekezwa, na barua ikatoka baada ya wiki 11, baada ya safari mbili za basi la usiku hadi Nairobi na simu ambazo sikuzihesabu. Ilipofika mkononi mwangu, cheti cha polisi kilikuwa kimebakiza siku chache, na bado kila karatasi ilipaswa kutafsiriwa kwa Kijerumani na mfasiri aliyeapishwa, ambaye hutoza kwa ukurasa na ana wateja wengine kabla yangu. Basi nikarudia cheti cha polisi, nikarudi kwa daktari, nikamlipa mfasiri tena kwa maneno yaleyale ambayo alikwisha kuyatafsiri, isipokuwa tarehe na nambari ya hati.

Kisha likazuka suala la jina. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema baba yangu ni Mohammed kwa m mbili, ilhali cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed kwa m moja, jambo ambalo kila mtu wa Pwani analielewa, maana karani wa zama zile aliandika alivyosikia. Nimetumia jina hilo maisha yangu yote, nimefanya mitihani nalo, nimesajiliwa kazini nalo, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Sasa ilinibidi niende kwa wakili nikaape kwamba mimi ni mimi, na kiapo hicho nacho kikatafsiriwa. Wakati hayo yakiendelea, cheti cha polisi cha pili kikaisha muda.

Lugha siilalamikii. Nilisoma Kijerumani hadi kiwango cha kati, kinachoitwa B1, huku nikifanya zamu za usiku, nikapita sehemu zote nne za mtihani, na ninaendelea na B2, kiwango kinachofuata, kwa kuwa bila hiyo majimbo mengi hayampi muuguzi kibali kamili.

Kuna pia wakala aliyenipokea mwanzoni, ambaye jina lake silitaji hapa. Alichukua shilingi 180,000 akiahidi kufuatilia kila hati hadi mwisho. Fedha hizo zilitokana na mkopo wa chama chetu cha akina mama na bangili za dhahabu za mama yangu, ambazo alivishwa siku ya harusi yake na hakuwahi kuzivua hata tulipolala njaa. Baada ya miezi 4 wakala akaacha kupokea simu. Nilipotafuta jina la kampuni yake katika orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, sikuliona. Nilipaswa kutafuta kabla ya kulipa, na ninawasihi wengine wafanye hivyo leo, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Lakini linaloniuma zaidi ni maneno ya wakubwa. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, mbele ya Rais William Ruto na Chansela Olaf Scholz. Hapohapo zikaenea habari za nafasi 250,000 za kazi, hadi Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikalazimika kukanusha hadharani na kusema kwamba makubaliano hayo hayana idadi wala mgawo wowote. Wangapi waliacha kazi au wakakopa kwa sababu ya idadi hiyo? Serikali iliyopata nafasi ya kusafiri hadi Berlin imeshindwa kubandika mahali pamoja ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema hati ipi itangulie, ipi isubiri, na kila moja inagharimu kiasi gani.

Tena, kosa dogo sasa lina bei kubwa. Tangu tarehe 1 Julai 2025 Ujerumani imefuta duniani kote ile njia ya mwombaji aliyenyimwa viza kuandika barua ya kupinga uamuzi bila malipo. Aliyekataliwa ama aombe upya na kulipa yuro 75 nyingine, ama afungue kesi katika mahakama ya utawala ya Berlin. Muuguzi wa Mombasa atamlipa nini wakili wa Berlin?

Mwajiri wangu amesogeza tarehe ya kuanza kazi mara mbili, na katika barua yake ya mwisho, iliyoandikwa kwa adabu, amesema hataweza kuisogeza tena baada ya miezi 3 ijayo.

Kwa hiyo nawaomba waliokwisha kufika kule waniambie mambo mawili. Je, kuna jimbo lililowakubalia kutuma hati nyingine kwanza, na cheti cha polisi kikafuata mwishoni? Na mfasiri gani wa kuapishwa hukubali kulipwa kwa mabadiliko ya tarehe tu, badala ya ukurasa mzima? Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye foleni ya alama za vidole kwa mara ya nne.