Mteja aliuliza kama boksi hazijaondoka, nikasema "yes". Nimekosea wapi?

BintiWaEmbakasi:
Wakubwa, hamjambo. Nafanya kazi kwenye ghala la maua karibu na uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi. Mawaridi hutoka Naivasha kwa lori, tunayaweka kwenye chumba cha baridi, usiku yanapakiwa kwenye ndege. Jumanne lori lilikwama kwenye foleni kule Rironi, tukakosa ndege. Saa mbili usiku mteja Mwingereza akapiga: "Haven't the boxes left yet?" Nikajibu "yes", maana kweli hazikuwa zimeondoka. Akasema "lovely", akakata. Asubuhi anauliza maua yako wapi, na bosi ananiambia nimemdanganya mteja. Nimedanganya nini jamani? Na nilipata B+ ya Kiingereza! Nisaidieni kabla sijajibu barua ya onyo.

KondaWaPipeline:
Wewe ulijibu Kiswahili kwa neno la Kiingereza, ni hayo tu. Abiria akiniuliza "Hamfiki Taj?" namwambia "ndiyo", anashuka kutafuta gari lingine. Hatujawahi kugombana.

MwalimuMstaafu:
Binti yangu, konda amesema kweli. "Ndiyo" yetu humjibu muulizaji: ulivyosema ndivyo. "Hujala?" "Ndiyo, sijala." (Siku hizi vijana wa mjini husema "hapana, sijala". Kiingereza kimeshawaingia hadi tumboni.) Mwingereza hajali swali limeulizwaje. Anaangalia kitenzi cha jibu lako: kikiwa na "not", unaanza na "no". "No, they haven't." Kama zimeondoka, "Yes, they have", hata akuulize kichwa chini miguu juu.

Nimefundisha miaka 31 na kosa hili sikulimaliza darasani, kwa hiyo usijione mjinga. Waingereza wenyewe walikuwa na maneno manne. Swali la kawaida lilijibiwa kwa "yea" au "nay". Lenye kukanusha, kwa "yes" au "no", na "yes" ilikuwa ya kumpinga muulizaji. Mwaka 1532 mwanazuoni Mwingereza Thomas More alimkaripia William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwa kuandika "no" badala ya "nay" pale Yohana 1:21, Yohana Mbatizaji anapoulizwa kama yeye ndiye yule nabii. Baadaye jozi moja ikaachwa, wakabaki na hii inayokusumbua. Wafaransa bado wana "si" yao ya kupinga, Wajerumani wana "doch".

SautiYaWestlands:
Historia ni tamu mwalimu, lakini simu ikilia saa mbili usiku nani atakumbuka 1532? Mimi napokea simu za wateja wa nje, na kazini tumekatazwa kujibu kwa neno moja. Taja kitu chenyewe: "The boxes are still here." Hapo hakuna wa kukuelewa vibaya. Kwenye barua ya onyo andika hivyo hivyo: swali lilikuwa hili, nilijibu hivi, nilimaanisha boksi bado zipo.

BintiWaEmbakasi:
Asanteni sana, barua naiandika leo. Mwalimu, moja la mwisho. Mteja mwingine hupenda kuniuliza "Do you mind if I call you later?" Nami kwa heshima zote humwambia "yes, yes".

MwalimuMstaafu:
Ole wangu. "Mind" hapo ni kuona vibaya. Anauliza kama utachukia akikupigia baadaye, nawe unamwambia ndiyo, tena mara mbili.

KondaWaPipeline:
Amewahi kupiga tena?

BintiWaEmbakasi:
Siku hizi anatuma barua pepe.