Tupeane uzoefu: uliyeishi bondeni Dar, nini kilikusaidia maji yalipokuja?

Mjukuu wa Hananasif

Wakuu, habari za leo.

Nimekulia Hananasif, kule chini kabisa, Mto Msimbazi unapokaribia Daraja la Salander. Mvua za Desemba 2011 zilinikuta niko kidato cha pili. Jijini walikufa watu takriban 40. Sisi tulipona kwa sababu bibi aliamka usiku kwenda msalani, akashusha miguu kitandani na kukuta ndala zinaelea. Hakupiga yowe. Alitugusa miguu mmoja mmoja, akaniambia nimbebe mdogo wangu mgongoni, kisha akaangua mfuko wa nailoni uliokuwa ukining'inia kwenye msumari juu ya mlango. Ndani mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na picha moja ya babu. Mfuko ule alikuwa ameutundika tangu mvua za El Niño za 1997, na watoto tulikuwa tunapigwa tukiuchezea.

Tangu hapo jiji limefanya mengi na ni haki kusema hivyo. Mitaro mikubwa imejengwa, mito midogo kama Mto Ng'ombe imejengewa kingo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi: mto utanuliwe, Jangwani pawe na daraja refu, karakana ya mabasi yaendayo haraka iondoke bondeni, eneo la chini libaki bustani ambayo maji yanaweza kulala bila kuua mtu. Ninaunga mkono yote. Maji lazima yapewe pa kupita, na Jangwani ilikuwa njia yao kabla sisi hatujafika.

Ila kuna jambo sioni likizungumzwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari mchana, inafikaje kwa mama aliyelala saa nane usiku, simu haina chaji na umeme umekatwa? Naomba kila mmoja aeleze yaliyompata: alijuaje, nani alimwambia, alifanya nini, nini kilimwangusha.

Mama Wawili Kigogo

Naomba nianze na choo, mnisamehe wanaokula. Kwetu mvua kubwa ikija wapo wanaotapisha. Wanatoboa shimo la choo pembeni, uchafu unaondoka na maji ya mvua, wao wamekwepa gharama ya gari la majitaka. Unaishia kwa jirani wa chini, na jirani wa chini ni mimi. Maji yalipoingia kwangu yalikuwa meusi na yana funza. Nilipoteza godoro na unga, lakini kilichoniumiza ni mwanangu mdogo kuharisha siku nne. Kipindupindu cha 2015 tulikiona kwa macho, kwa hiyo sikulala hata dakika moja nikimwangalia.

Siku hizi natunza ndoo mbili za maji safi zenye mfuniko juu ya kabati, na dawa ya kutibu maji. Watu wanajiandaa kwa viroba vya mchanga mlangoni, wanasahau kwamba siku ya pili hakuna tone la maji ya kunywa.

Mkikagua mipango ya mafuriko, kagueni na vyoo. Mtaro mzuri unaopitisha kinyesi ni hatari ileile.

Kaka wa Mabwepande

Nipo kwenye kundi lililohamishwa baada ya 2011. Tulianza kwenye mahema, baadaye viwanja. Sitasema uongo: leo nina nyumba yangu, ardhi kavu, na mvua ikinyesha usiku nasikia raha ya kulala. Namshukuru Mungu.

Ila mama yangu alikuwa anakaanga samaki Magomeni, wateja wake wote wa Magomeni. Kutoka Mabwepande miaka ile ilikuwa aamke saa tisa, nauli ya kwenda na kurudi inakula nusu ya faida. Alivumilia miezi saba, akarudi kupanga chumba bondeni pamoja na mdogo wangu. Watu waliwaita wabishi. Mimi niliyekuwa namuona akihesabu sarafu usiku siwezi kumwita mama yangu mbishi. Unapomhamisha mtu, beba na riziki yake.

Mpangaji Mchikichini

Mimi ni mpangaji. Nyumba ikiwekwa alama ya X ya kubomolewa, mwenye nyumba anajua, mimi naiona nikirudi kazini. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, naielewa. Lakini chumba cha bondeni ndicho ninachokimudu. Siku ya maji tulipanda juu ya bati wanane, tukakaa mpaka vijana walipokuja na matairi na kamba.

Alinijulisha nani? Hakuna aliyenijulisha. Nilisikia friji ya jirani ikigonga ukuta.

Mchora Ramani

Nikiwa mwanafunzi nilishiriki Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 wa kuchora kata zinazofurika kwa kutumia wanafunzi na wakazi. Tulitembea Tandale na kwingineko tukiwa na simu na fimbo ya kupimia kina cha mtaro. Fimbo ilikuwa inasimama kwenye taka kabla haijagusa saruji. Kwenye karatasi mtaro ni wa mita moja, kwa fimbo ni sentimita thelathini.

Mzee mmoja aliyetutembeza alikuwa na alama za mkaa ukutani kwake, kila mafuriko na mstari wake. Hana mwaka hata mmoja ulioandikwa, ila anakumbuka kila mstari kwa jambo: huu alizaliwa fulani, huu tulimzika shemeji. Tulipima mistari ile tukaingiza kwenye ramani. Bado naamini ni taarifa bora kuliko nyingi nilizowahi kushika. Kama una alama kama hizo ukutani, usipake rangi juu yake kabla hujaipiga picha.

Dada wa Boko Basihaya

Tusisahau kwamba mafuriko siyo mto peke yake. Kwetu maji hayakimbii, yanakaa. Hakuna mtaro wa kuyapeleka baharini, mtu anainua kiwanja kwa kifusi, maji yanahamia kwa asiye na hela ya kifusi. Watoto wanavushwa kwenda shule kwa wiki kadhaa. Na wa Mbagala waje waseme kuhusu Mto Kizinga.

Fundi Ulongoni

Shikamooni wakubwa. Nasoma nikitikisa kichwa, maana mnaongelea maji ya kwetu.

Huu mto unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita huku Ulongoni kabla ya kuwafikia Vingunguti, Kigogo na Jangwani. Huku juu watu wanachimba mchanga mtoni, kingo zinameguka. Nyumba ambayo ilikuwa mbali na mto sasa sebule yake inaning'inia hewani. Madaraja yetu maji yalishayabeba, tukawa tunavushana kwa kamba.

Jambo ninalotaka kusema ni hili. Chini ya nyumba yangu kuna mguu wa daraja la zamani, zege limebaki limesimama katikati ya mto. Likizama lote, nawapigia ndugu zangu walio Kigogo. Kwa uzoefu wangu maji yanawafikia baada ya saa mbili hadi tatu, ikiwa na kwao mvua inanyesha ni upesi zaidi. Mara mbili wamewahi kutoa vitu vyote mpaka friji. Majirani zao wakadhani wana mganga.

Mama Wawili Kigogo

Fundi, umenitoa machozi. Saa mbili! Mimi nikipata nusu saa tu natoa watoto, ndoo na godoro.

Mjukuu wa Hananasif

Fundi Ulongoni, nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na siku hizi inaeleza mpaka athari zinazotarajiwa. Hiyo inatuambia kesho mkoa mzima uwe macho. Zege lako linatuambia saa hii, mto huu. Tunahitaji vyote viwili, na cha pili hakigharimu dola.

Ninapendekeza tufanye kabla ya masika. Mtu mmoja Ulongoni, mwingine Vingunguti, Kigogo, Mchikichini, na mimi Hananasif. Kundi la simu lisiwe na salamu wala matangazo, ni kina cha maji tu. Na kila aliye kwenye kundi awe na nyumba kumi anazozigongea mlango kwa mkono, kwa sababu simu za usiku huzima. Kwetu nitaanza na yule bibi kipofu wa nyumba ya bluu na vyumba viwili vya wapangaji. Mwenyekiti wa mtaa nitamwambia kesho, na namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji tuibandike milangoni.

Mpangaji Mchikichini

Niandike. Nyumba kumi za kwetu nazijua mpaka majina ya watoto. Nitatafuta na filimbi.

Fundi Ulongoni

Mimi nipo. Leo jioni nitashuka na rangi nyekundu nipake mistari mitatu kwenye lile zege, ili hata nisipokuwepo mke wangu aweze kusoma kwa tochi. Mstari wa juu ukipotea, msisubiri nipige mara ya pili.