"KWANI HAWAWEZI KUVAA TENA?" Fundi wetu yule yule, leo nasema

Mama Lenzi:

Jina sitaji. Sina haja. Hakuna nyumba ya Mjini wala Ng'ambo hapa Unguja ambayo hajaingia akatoka na bisibisi ya mwenyewe. Yule wa "nipe dakika tano". Yule mwenye begi la kompyuta ambalo ndani mna chaja ya pini nyembamba na andazi. Ndo huyo huyo.

Tangu asubuhi natetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe.

Kazi yangu mnaijua, napiga picha na video za harusi, upande wa wanawake. Singo, hina, bi harusi kutolewa nje, yote. Mafaili ya kamera za siku hizi hayakai kwenye simu wala kwenye fleshi. Nkanunua NAS, kile kisanduku cha diski kinachochomekwa kwenye ruta, kompyuta zote za studio zinakiona. Nikatia diski mbili za tera nne nne, nikaziweka RAID 1, yaani kila kinachoandikwa hapa kinaandikwa na pale, ikifa moja nyengine inaendelea. Hilo nalijua vizuri kuliko yeye. Nilipomwambia RAID 1 alinijibu, "Ya zamani hiyo dada, siku hizi ishafika RAID 6." Namba ni aina ya mpangilio, si toleo! Hapo hapo ningemtoa nje. Lakini nna adabu, mama yangu kanilea.

Basi kisanduku kikaanza kulia. Piii. Piii. Taa ya kulia nyekundu, diski ya pili imekwisha. Nikamwita. Kaja leo asubuhi, kavuta diski, kapachika mpya, kaongea na simu mambo ya shamba lake, kabonyeza, kisanduku kikamuuliza kitu, yeye ndiyo. Kikamuuliza tena, ndiyo. Anaitikia ndiyo kama bwana harusi mbele ya kadhi! Nafungua kompyuta: kweupe. Harusi zote za mfunguo mosi hazipo. Hata lile folda la "mengineyo" halipo.

Namuuliza, fundi, maharusi wangu wako wapi? Kanitazama. Kanywa maji YANGU, kwenye gilasi YANGU. Kisha akasema:

"Kwani hawawezi kuvaa tena?"

WAVAE TENA.

Mmoja yuko Maskati na mumewe. Mmoja ana mimba ya miezi minane, lile gauni sasa halimuingii hata mkono. Mmoja, na hapa naomba mkae chini, KESHAACHIKA. Nimpigie nimwambieje? Mwanangu, mrudie yule bwana jioni moja tu, nna tatizo la diski? Na bibi wa mmoja wao, Mungu amrehemu, siku ile aliinuka akacheza ukumbi mzima ukalia. Na yeye avae tena?

Pesa ya ufundi kachukua. Diski mbovu kaondoka nayo, eti atanisaidia kuitupa. Mlangoni akageuka, akasema: "Wengine wanapenda, dada, kuvaa tena." MLANGONI. Nimempigia jioni hii nimseme, akacheka, akasema niwaulize kwanza.

Kefle!

Pweza Mkavu: Nilipofika kwenye andazi nikajua ni nani. Kwangu alikuja kutengeneza waifai, kaondoka na rimoti ya tivii. Waifai mpaka leo inafika sebuleni inachoka.

Duka la Kwerekwe: Huyo huyo. Dukani kwangu kafunga kamera nne, zote zinatazama dari. Nikamwuliza, akasema mwizi wa siku hizi anapitia juu.

Msomi wa Chake: Pole sana dada. Ila RAID si bakapu, hili tunalisema kila siku. RAID inakulinda diski ikifa. Haikulindi na mwizi, moto, radi, wala na mtu anayebonyeza ndiyo. Kanuni ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Hata diski ya USB ukaiweka kwa shangazi yako Bububu inatosha.

Mama Lenzi: Sikuuliza kanuni. Nimesema KANIAMBIA WAVAE TENA.

Msomi wa Chake: Nimeelewa, lakini ungekuwa na nakala ya tatu...

Mama Lenzi: Shangazi yangu hakai Bububu.

Pweza Mkavu: Yule wa talaka, kama ni tatu, kuvaa tena kuna masharti yake. Muulize fundi, labda na hilo analijua.

Baharia: Samahani dada, nikurudishe nyuma. Taa nyekundu ilikuwa kulia. Yeye alivuta ya upande gani?

Mama Lenzi: Ya kushoto. Ya kulia ilikuwa ngumu kutoka, akasema zote sawa. Kwa nini?

Baharia: Innalillahi. Kavuta NZIMA.

Hebu nisikilizeni. Mbovu kaiacha ndani, pembeni yake kaweka tupu. Kisanduku kikataka kunakili kutoka kwa mgonjwa, kikashindwa, kikauliza "tuanze upya?" Hapo ndo yule bwana kaitikia. Kilichofutwa ni kilichokuwemo ndani ya kisanduku. Ile aliyoivuta haikuguswa, na kwenye RAID 1 kila diski ina nakala kamili. Harusi zako zimo humo zote. Ila usiichomeke kwenye Windows ukakubali kuifomati, mana Windows haisomi ext4 wala Btrfs, mipangilio ya mafaili inayotumiwa na visanduku hivi, itakwambia diski ni tupu. Ichomeke kwenye kompyuta ya Linux, mfumo mwengine usio Windows, programu ya mdadm inaikusanya hata ikiwa peke yake, ifungue kwa kusoma tu, nakili kila kitu mahali pengine. Sasa diski iko wapi?

Mama Lenzi: Nshasema kaondoka nayo! Nyie mnasoma kweli? Kaondoka nayo na mlangoni kageuka akasema WENGINE WANAPENDA.

Bi Shumari: Subirini. Diski yenye picha za SINGO iko mikononi mwa MWANAMME? Dada, harusi ya mdogo wangu umepiga wewe!

Gauni la Kijani: Na mie nimo. Lile la mgongo wazi. Yarabi nisitiri.

Bi Shumari: Ukumbini tunanyang'anywa simu mlangoni, tunapekuliwa mpaka mikoba, kumbe picha zenyewe zinatembea kwenye begi la andazi.

Msomi wa Chake: Ndo mana visanduku hivi vingi vina sehemu ya kufunga folda kwa ufunguo. Ukiifunga, mtu akiondoka na diski anaondoka na chuma tu. Nilitaka kusema mapema nikaona dada kakasirika.

Mama Lenzi: Ungesema.

Duka la Kwerekwe: Msitishike wake za watu. Yule hajui Linux wala haimjui. Diski "mbovu" zote anazipachika kwenye vinasa vya kamera za maduka. Mimi mwenyewe leo mchana kaniletea tera nne, kasema imetumika kidogo, ilikuwa kwa mama mmoja mstaarabu.

Baharia: LEO MCHANA?

Baharia: Kizime. Sasa hivi. Kinasa kikipewa diski ngeni kinaifomati, kisha kinaandika juu yake usiku na mchana bila kupumzika. Kwa saa chache hakijala sehemu kubwa ya tera nne, na kisichoandikwa juu yake kinaokoleka, programu ya kuokoa mafaili, PhotoRec, ni ya bure. Lakini kila dakika kinakula.

Duka la Kwerekwe: Nikizime, usiku huu duka nani analinda?

Baharia: Kamera si zinatazama dari?

Duka la Kwerekwe: Kweli. Popo wanaonekana vizuri sana lakini.

Gauni la Kijani: KAKA ZIMA HICHO KITU MGONGO WANGU UMO HUMO.

Duka la Kwerekwe: Nimezima. Sasa kukifungua sina bisibisi. Nimpigie aje?

Bi Shumari: USIMPIGIE.

Pweza Mkavu: Usimpigie yakhe.

Baharia: Usimpigie. Nakuja mie.

Bi Shumari: Na wewe si mwanamme?

Baharia: mdadm ni maandishi matupu, sifungui picha hata moja.

Bi Shumari: Ndo alivyosema na yule wa simu za Darajani. Hakuna mtoto wa kike anayejua hiyo Linux kisiwa kizima?

Binti wa Tunguu: Nipo. Nasoma chuo kikuu, SUZA, kompyuta. Nna bisibisi yangu.

Gauni la Kijani: Mungu akuweke, bibie.

Mama Lenzi: Ahsanteni. Lakini hata zikipatikana zote, lile neno halifutiki. Kuvaa. Tena. Kasema taratibu, na gilasi mkononi.

Tera Nne: Madhali tunazungumza tera nne. Nimenunua yangu Mlandege, kwenye boksi imeandikwa 4, kompyuta inaonyesha 3.63. Muuzaji kanila.

Msomi wa Chake: Hajakula. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Trilioni nne ukizigawa kwa 1,024 mara nne inatoka hiyo hiyo 3.63 na kitu.

Tera Nne: Basi na mie ningelipa kwa hesabu ya Windows.

Pweza Mkavu: Hapo kasema kweli.

Msomi wa Chake: La kuangalia kwenye boksi si hilo, ni kama diski ni SMR au CMR. CMR zinaandika njia mbali mbali, SMR zinaandika njia zikilaliana, zina nafasi kubwa kwa bei ndogo, lakini kwenye RAID ukibadilisha diski moja, kuijenga upya inakwenda mwendo wa konokono na kisanduku kinaweza kuitupa nje. Mwaka 2020 Western Digital walibanwa mpaka wakakiri kwamba baadhi ya WD Red za tera 2 mpaka 6, zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya NAS khasa, zilikuwa SMR.

Tera Nne: Yangu haijaandikwa kitu.

Msomi wa Chake: Na zao hazikuandikwa.

Pweza Mkavu: Mimi naona vitu vyote kwenye mtandao, mbinguni, wingu, hizi diski za nini?

Baharia: Wingu kwa bando hili? Harusi moja ya kamera mbili itapanda mpaka mfunguo mosi mwengine. Na usikifungulie mlango kisanduku kikaonekana nje kwa kila mtu. Januari 2022 walipita wezi wa mtandaoni, DeadBolt, wakafunga mafaili kwenye NAS za kampuni ya QNAP nchi nyingi duniani, wakataka bitikoini 0.03 kwa kila mmoja. Sasisha programu, zima akaunti ya "admin", ukiwa safarini ingia kwa VPN, njia ya siri ya kupitia mtandaoni.

Pweza Mkavu: Bitikoini wanauza wapi hapa?

Mzee Wesha: Vijana mmesahau muuaji mwenyewe. Umeme. Unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika tena kabla diski haijasimama. Halafu hewa ya bahari, pini zinaota kutu. NAS bila UPS, lile sanduku la betri linaloshika umeme ukikatika, ni sadaka.

Duka la Kwerekwe: Umeme ndo kero. Mita ya Tukuza ishaanza kulia hapa nnapoandika.

Mzee Wesha: Nyie wa Unguja mnadeka. Waya wa baharini wa Ras Kiromoni mpaka Fumba ulipokatika Mei 2008 mlikaa mwezi mnalia, Disemba 2009 tena mpaka Machi 2010, dunia nzima ikajua. Sisi Pemba tulikuwa kwa majenereta ya Wesha mpaka 2010, waya wa Tanga ulipofika. Nani alituandikia uzi?

Pweza Mkavu: Ami, mlikuwa hamna diski.

Mzee Wesha: Tulikuwa na mafriji. Samaki haoni tofauti.

Mama Lenzi: Jamani uzi huu ni wa FUNDI.

Tera Nne: UPS ya kawaida inaweza kuwasha friji?

Msomi wa Chake: Haiwezi. Mota ya friji inapoanza inavuta umeme mwingi mara moja, UPS ndogo inalia na kuzima. Kwa NAS na ruta inatosha vizuri, na ukiiunga kwa waya wa USB inaiambia NAS ijizime yenyewe kwa utulivu kabla betri haijaisha. Betri nayo ni ya kubadilisha kila baada ya miaka michache, usingoje ivimbe.

Tera Nne: Yangu imevimba.

Msomi wa Chake: Itoe nje ya nyumba, usiitoboe.

Tera Nne: Mke wangu kaiwekea chungu cha maua juu.

Mzee Wesha: Kuhusu friji. Nauza, iko Chake, milango miwili, inagandisha vizuri, taa ya ndani tu haiwaki. Mwenye haja anione.

Pweza Mkavu: Bei?

Mzee Wesha: Njoo inboksi.

Duka la Kwerekwe: Andika hapa hapa ami, inboksi ndo mnapotulizia.